Mstari wa Tano

Mimi kitu nikikikubali huna haja ya kuniambia mara mbili, na nikikikataa, niambie mara mia, utachoka wewe. Mume wangu analijua hilo kwa miaka thelathini. Afisa elimu wa wilaya yetu amelijua mwaka huu. Nasimulia mwenyewe kwa sababu nimesikia wengine wakinisimulia, na wanatia chumvi mahali ambapo chumvi ilikuwa inatosha.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi yenye vyumba vinane vya madarasa, ofisi moja, na kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gari. Kiti hicho nilikisubiri miaka ishirini na miwili. Nilipokipata nilikipenda, sitaki kuwadanganya. Nilipenda muhuri, nilipenda funguo, nilipenda chumba kinavyonyamaza nikiingia. Watoto walinipa jina la Kengele kwa ajili ya sauti yangu, wakidhani silijui.

Mambo yalianza na mtihani wa kusoma. Walikuja watu wa wilaya na vikaratasi vyao, wakamsomesha kila mtoto wa darasa la tatu aya moja. Kati ya watoto sitini na mmoja, waliofika mwisho wa aya ni kumi na tisa. Kesho yake asubuhi afisa elimu akanipigia simu.

"Una mzembe hapo shuleni kwako," akasema. "Mwandikie barua ya onyo. Nikipata na ya pili, namwachisha kazi."

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mwanamke mdogo, miaka mitatu tu kazini, mwenye mapacha ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kutembea. Sote tulimwita Mama Pacha. Nikaandika barua. Naam, mimi mwenyewe. Sikuuliza, sikuchunguza, nikagonga ule muhuri wangu nilioupenda. Mama Pacha aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi, akanirudishia kalamu.

"Mwalimu mkuu, nina ombi moja," akasema. "Njoo ukae darasani kwangu kipindi cha kwanza, siku kumi. Usije kunikagua. Uje ukae tu."

"Sasa unanipangia kazi?"

"Nakuomba, mama."

Ilinikera, hasa hilo la mama, kwa kuwa alilisema kwa upole na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jeuri. Nikamwambia nitakuja, tena atajuta kunialika.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka mmoja kabla ya hapo walimu wakuu tuliitwa kwenye semina. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu, asiyecheka. Alitufundisha kitu anachokiita utafiti wa vitendo: unachukua swali moja la kazi yako mwenyewe, si la jirani, unapima hali ilivyo, unabadilisha jambo moja, unapima tena, unaandika ulichokiona hata kama kinakuumbua. Akatuambia tufungue blogu, tuandike humo waziwazi, wakuu wenzetu wasome na watuulize maswali. Mimi nilisinzia nusu ya semina. Nilichokitaka ni cheti, na nilikipata, nikakitundika ofisini juu ya kabati.

Blogu alinifungulia binti yangu. Nikaweka humo picha zangu nikipokea wageni, nikipanda mti, nikikata utepe. Wasomaji wangu walikuwa watatu: binti yangu, mume wangu kwa kulazimishwa, na mtu mmoja aliyekuwa akiniandikia kila wiki kunitangazia dawa ya kukuza nywele.

Basi, siku nilipokwenda kukaa kwa Mama Pacha nilipitia kwanza kibandani kwa mume wangu. Yeye ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Nikamwomba ile saa ya kushika mkononi wanayopimia wakimbiaji, unabonyeza inaanza, unabonyeza inasimama.

"Unakwenda kumkimbiza nani?" akaniuliza.

"Mwalimu mvivu."

Akanipa, akarudi kwenye saa yake ya ukutani aliyoifumua tumbo. Nia yangu ilikuwa hiyo hasa. Nilitaka kumnasa Mama Pacha kwa dakika zake, nimwonyeshe kwa maandishi, tumalizane. Huo ndio utafiti wangu ulivyoanza, kwa nia mbaya.

Nilikaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakigusa kidevu. Kipindi cha kusoma kinaanza saa mbili kamili. Mama Pacha alianza saa mbili na dakika moja. Watoto wakasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Saa mbili na dakika sita mlango ukagongwa, akaingia karani wangu, mwanamke wa makamo tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mkononi alikuwa na daftari la matangazo.

Daftari hilo nililikuta, lakini mimi ndiye niliyelipalilia. Kila asubuhi mwalimu mkuu anaandika tangazo, karani analizungusha mlango kwa mlango, na kila mwalimu analisoma, anatia sahihi, anaandika na saa aliyolisoma, ili baadaye asije akasema hakuambiwa. Darasa la tatu limepakana na ofisi, kwa hiyo huwa ndilo la kwanza. Mama Pacha akaweka kitabu chini. Akasoma tangazo. Akatafuta kalamu. Redio akamweleza habari za mjomba wake aliyelazwa. Sahihi ikatiwa, mlango ukafungwa, nikabonyeza saa. Dakika saba.

Nikatoka nikamfuata Redio nje, nikamwomba nilione hilo tangazo, maana nilikuwa nimeliandika asubuhi kwa haraka na sikulikumbuka. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, wa kujivunia. Ulisema: Walimu wote wanakumbushwa kuheshimu muda wa vipindi.

"Na wewe utasaini, mwalimu mkuu?" akaniuliza Redio.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikarudi dawatini kwangu. Mama Pacha aliniangalia mara moja tu, akawageukia watoto. "Haya, tulifika wapi?" Hawakumbuki. Wakaanza tena mstari wa kwanza. Saa mbili na dakika ishirini na mbili makamu wangu akachungulia, akamwita Mama Pacha aje kujaza fomu ya wilaya ya idadi ya vitasa vya milango. Haraka sana, inatakiwa leo. Akarudi baada ya dakika tisa. Wakaanza tena mstari wa kwanza.

Siku ya nne nilimwomba binti aliyekaa karibu yangu anisomee. Nikafungua ukurasa wowote. Akasoma mistari minne bila kukwama, tena hakukitazama kitabu, alikuwa anatazama dari. Kwenye mstari wa tano akanyamaza. Nikafungua ukurasa mwingine. Mistari minne, akanyamaza. Nikafungua wa tatu. Ikawa hivyohivyo.

"Na huu wa tano?" nikamuuliza.

"Huo bado hatujafika, mwalimu."

"Huu ukurasa mmeuanza lini?"

"Wiki iliyopita."

Nikajaribu kwa mwingine, na mwingine. Darasa zima lilikuwa linaujua mwanzo wa kila ukurasa kwa kichwa, na hakuna aliyewahi kufika mwisho wa hata mmoja. Wale kumi na tisa waliofaulu, niliuliza, karibu wote walikuwa na dada au mama anayewasomesha nyumbani. Nyani haoni kundule. Mimi langu nilikuwa nimelikalia miaka mitano.

Siku kumi zilipotimia nilijumlisha. Kipindi ni dakika arobaini, siku kumi ni dakika mia nne. Zilizopotea zilikuwa mia moja na hamsini na mbili. Ishirini na moja zilikuwa za Mama Pacha mwenyewe: alichelewa mara mbili mapacha wakiwa na homa, na siku moja alipokea simu. Zilizobaki, mia moja thelathini na moja, zilitoka ofisini kwangu. Na kati ya hizo, hamsini na nane zilikuwa fomu za wilaya.

Nilimwonyesha Fundi zile hesabu. Akazipitia na miwani yake ya kazi machoni.

"Kwa hiyo huyo mvivu umempata," akasema.

"Usinicheke."

"Sicheki. Nauliza tu utamwandikia nani barua."

Sikulala vizuri, lakini asubuhi niliamka na hasira iliyonyooka. Nikaenda ofisini, nikaifungua ile blogu ya picha za utepe, nikaandika: Mwizi wa dakika za darasa la tatu ni mimi. Nikaweka na hesabu zote, siku kwa siku, pamoja na lile tangazo la kuheshimu muda. Mficha uchi hazai, nikajiambia, na umri huu nikikosa kuzaa angalau nipone.

Kisha nikabadilisha jambo moja, kama yule mama mkavu alivyotufundisha. Daftari la matangazo likalazwa chumba cha walimu, mwalimu alisome wakati wa mapumziko. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Hakuna aliyelisoma. Wauguzi wakaja kuwachanja watoto, wakakuta shule nzima imekwenda viwanjani. Makamu wangu, tunayemwita Taratibu kwa kuwa hana sentensi isiyo na neno hilo, akacheka mpaka akashika meza.

"Taratibu zina sababu zake, mwalimu mkuu," akaniambia.

Hilo nalo nikaliandika kwenye blogu, pamoja na kicheko chake. Mwalimu mkuu mmoja nisiyemjua, wa huko mbali, akaniuliza chini yake: kwa nini msitangaze kwa mdomo? Nikamtazama Redio. Kumbe nilikuwa na kipaji mkononi, nimekitumia kubeba daftari. Tangu siku hiyo Redio akawa anasimama chumba cha walimu wakati wa mapumziko na kuwamwagia matangazo yote, na hakuna aliyesahau tena, maana Redio ukimsahau anakurudia. Kipindi cha kwanza hakuna aliyegonga mlango. Fomu za wilaya zikajazwa mchana, baada ya masomo.

Baada ya wiki sita niliwasomesha wale watoto mmoja mmoja, aya mpya ambazo hawajawahi kuziona. Waliomaliza walikuwa thelathini na saba. Nilimwita Mama Pacha nikamwonyesha. Alikaa chini bila kuambiwa akae, akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja.

"Na ile barua?" akaniuliza.

"Barua naishughulikia."

Nikaandika hayo pia. Sasa hawakuwa watatu tena walionisoma. Wakuu wa shule walianza kupima kwao na kuniandikia. Mmoja alipoteza dakika tisini kwa wiki. Mwingine alisema kwake ni mia na kumi, na zaidi ya nusu ni fomu. Wengine hawakutaja majina yao, na siwalaumu. Wakawa wanaweka namba zao chini ya zangu, na kila namba ilikuwa na neno fomu ndani yake. Hapo ndipo afisa elimu alipoanza kusoma blogu.

Alikuja Jumanne. Gari lake lilisimama uani saa mbili na dakika tisa, na Redio akanijia mbio kwenye varanda, anahema.

"Mkubwa amefika. Anataka walimu wote ofisini sasa hivi."

"Sasa hivi wanafundisha."

"Mwalimu mkuu, ni mkubwa."

"Nimesikia. Mkaribishe benchi."

Nikaenda mwenyewe kumsalimia. Ni mwanamume mnene, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuniamkia vizuri, akauliza walimu wako wapi. Nikamwambia karibu sana, kengele italia saa mbili na dakika arobaini.

"Unaniambia mimi nisubiri?"

"Nakuambia kengele ni saa mbili na dakika arobaini, mkubwa."

Benchi letu liko chini ya dirisha la darasa la tatu. Akakaa dakika thelathini na moja, nami nikakaa naye. Ndani Mama Pacha alikuwa anawasomesha ukurasa wa arobaini. Mtoto mmoja akasoma mpaka mwisho, akapokea mwingine, akapokea mwingine. Afisa alikuwa anasikiliza. Nilimwona akiinua kichwa.

Kengele ilipolia hakutaka tena walimu wote. Aliingia ofisini kwangu na kufunga mlango.

"Wanasoma," akasema, na kwa kweli alilisema kama mwalimu, si kama afisa.

"Wanasoma."

"Futa uliyoyaandika."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Ripoti yake ilikwishapanda juu, akasema, na imeandikwa kwamba chanzo cha watoto kutosoma ni uzembe wa walimu, na darasa la tatu la shule yangu ndilo mfano wake. Mimi sasa nimewaambia watu wote kwamba chanzo ni ofisi, yangu na yake.

"Mimi nina mabosi, mwalimu. Fomu zile sizitungi mimi. Zinashuka kwangu, nazishusha kwako."

"Basi waandikie hivyo."

"Sikiliza. Futa maandishi yote, na uniletee barua ya pili ya onyo ya yule binti. Ijumaa saa sita mchana. La sivyo Jumatatu kiti hiki kina mtu mwingine."

"Yule binti amewafikisha watoto thelathini na saba."

"Ijumaa saa sita," akasema, akachukua kofia yake.

Nitawaambia ukweli, niliogopa. Watu wanaonisimulia wanasema sikutikisika hata kope. Uongo huo. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kile kiti, nikakishika mikono yake miwili. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nikiwapigia makofi wengine wakikikalia, wengine wao niliwafundisha kazi mimi. Nilijua nikimwaga unga sasa sitaupata tena. Siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Alhamisi mchana nilifungua blogu, nikafika mpaka mahali panapouliza kama nina uhakika nataka kufuta. Kidole kilikuwa juu. Nikaifunga mashine, nikaenda kibandani kwa mume wangu.

Alikuwa na saa ndogo ya kike mezani. Nikakaa kwenye stuli ya wateja.

"Fundi, nikifuta, mimi nabaki na kiti."

"Utabaki nacho."

"Na Mama Pacha anaondoka."

"Ataondoka."

"Si uniambie la kufanya."

"Mama watoto, mimi nilikuambia usinunue lile kabati, ukanunua. Nilikuambia usimwajiri Redio, ukamwajiri. Leo ndiyo unataka ushauri wangu?" Akaipuliza ile saa, akaitega sikioni. "Nitakuambia ya kwangu tu. Mtu akiniletea saa inayochelewa, naweza kuisogeza mishale akaondoka ameridhika. Atanisifu mpaka jioni."

Nikamwambia aache mafumbo, anipe chai. Akanipa. Nilikunywa pale, hasira ikanipanda polepole, na sikumkasirikia afisa peke yake. Nilijikasirikia mimi niliyeandika ile barua ya kwanza bila kuuliza swali hata moja. Kama ningeandika na ya pili, basi mimi na lile tangazo langu la kuheshimu muda tulikuwa kitu kimoja. Potelea mbali kiti, nikasema kwa sauti, na mteja aliyekuwa anaingia akarudi nyuma.

Ijumaa saa nne asubuhi niliandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuifuta ile barua ya onyo ya Mama Pacha: kwamba mimi, mwalimu mkuu, niliitoa bila uchunguzi, kwamba uchunguzi umefanyika, na kwamba kosa ni la ofisi. Nikaigonga muhuri. Nakala moja jaladani, moja wilayani, moja nikampelekea mwenyewe mkononi wakati wa mapumziko. Ya pili ilikuwa ya afisa, mstari mmoja: Sitafuta. Nayo nikaigonga muhuri, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikaingia kwenye blogu nikaandika kwamba nimeambiwa nifute, na sababu niliyopewa, na jibu nililotoa. Sikutukana mtu. Nikamalizia kwa namba za wiki hiyo, maana utafiti haujaisha kwa sababu mtu amekasirika. Saa sita ilipofika simu haikulia. Ililia saa sita na robo.

Jumatatu Taratibu alikaa kwenye kiti. Sikumchukia, hakukiiba, alipewa. Nilimkabidhi muhuri, funguo na jalada, akasaini kila kimoja mara mbili kama kawaida yake. Nywila ya blogu hakuniuliza, wala mimi sikumkumbusha. Mimi nikapewa darasa la pili, mlango unaofuata baada ya Mama Pacha. Afisa alitaka nionekane nimeshushwa, na nilionekana. Watoto wa darasa la saba walikuja dirishani kumwangalia Kengele akifuta ubao.

Mama Pacha tulikutana varandani kabla ya kengele. Alikuwa na ile barua yangu ndani ya kitabu chake cha kusomea.

"Umepoteza kwa ajili yangu, mama," akasema.

"Wewe ulinialika, mimi nikaja. Ingia darasani, ni saa mbili kasoro moja."

Nikaanza saa mbili kamili. Nilikuwa na watoto hamsini na nne, na kitabu kimoja kwa watoto watatu. Ile saa ya Fundi niliiweka mezani. Nikamsimamisha binti mmoja mdogo wa mstari wa mbele, mwenye pengo la meno mawili, nikamwambia asome.

Saa mbili na dakika sita nilisikia mlango wa darasa la tatu ukigongwa. Taratibu alikuwa amelirudisha daftari. Ukuta wetu ni mwembamba, nikamsikia Mama Pacha, hakupandisha sauti hata kidogo.

"Liweke dirishani, Redio. Nitalisoma mapumziko."

"Mkuu anataka sahihi na saa."

"Mapumziko."

Na watoto wake wakaendelea, hata mstari hawakuupoteza. Redio akaja kwangu. Akasukuma mlango, akaniangalia, akaliangalia daftari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema. Nikamwonyesha dirisha kwa kidole. Akaliweka pale, akabaki nje amekunja mikono. Baadaye aliniambia kwamba alijaribu na milango mingine sita bila daftari, kuuliza tu kama watasaini. Wawili walisema ndiyo. Wanne walisema mapumziko.

Hazikupita dakika tano Taratibu akaja mwenyewe. Akalichukua daftari dirishani, akasimama katikati ya mlango wangu na kalamu mkononi, ameniangalia. Nililiona tangazo kutoka pale nilipokuwa, mwandiko wake ni mkubwa. Walimu wote wanakumbushwa kufuata taratibu.

Yule binti alikuwa amefika mwisho wa mstari wa nne. Akanyamaza. Akauangalia mlango, akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akaanza kukaa chini, kwa kuwa alivyozoea ni kwamba mtu akisimama pale na daftari lile, kusoma kumekwisha.

"Nani kakuambia ukae?" nikamuuliza.

"Kuna mgeni, mwalimu."

"Mgeni anajua kusoma. Zamu ni yako."

Akasimama tena. Akaweka kidole kwenye mstari wa tano, akausoma polepole, herufi kwa herufi, akakosea neno la pili, akalirudia, akalipata. Taratibu hakuondoka. Binti akaumaliza wa tano, akaingia wa sita, na mimi sikugeuka mlangoni mpaka kengele ilipolia.